London: Foleni ya wagonjwa isiyoonekana

Kwa jamaa wengi walioko Mombasa, Dar es Salaam au Bujumbura, kuishi London ni sawa na kuishi mlangoni mwa hospitali. Ndiyo maana simu zinazopigwa kutoka nyumbani huishia katika swali lile lile: "Je, umeshafanyiwa upasuaji?" Na jibu la wagonjwa wengi ni fupi: bado hawajaitwa.

Tiba ipo, madaktari bingwa wapo, na mkazi halali wa Uingereza hadaiwi malipo mlangoni. Kinachokosekana ni nafasi. Kati ya siku mgonjwa anapomweleza daktari tatizo lake na siku anapolazwa, kuna foleni isiyo na benchi wala korido, ambayo mgonjwa huipanga akiwa nyumbani kwake, wakati mwingine kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Aliyezoea hospitali za Afrika Mashariki hupata taabu kuielewa foleni ya namna hii. Muhimbili au Kenyatta, mtu hudamka alfajiri, huketi, humwona aliyemtangulia na anayemfuata. Akitoka kwenda kunywa chai humwomba jirani amshikie nafasi. London hakuna jirani wa kuombwa. Mtu anaweza kuondolewa katika foleni pasipo kujua kwamba ameondolewa, na mwingine akasogezwa mbele bila yeyote kunung'unika, kwa sababu hakuna anayemwona mwenzake.

Barua ya rufaa

Huduma ya Taifa ya Afya ya Uingereza, NHS, ilianza tarehe 5 Julai 1948, wakati Aneurin Bevan akiwa waziri wa afya. Msingi wake haujabadilika tangu hapo: gharama hulipwa kwa kodi, na mgonjwa hutibiwa kwa kadiri ya haja yake, si kwa kadiri ya mfuko wake. Foleni nayo si jambo geni. NHS ilizaliwa ikiwarithi karibu watu nusu milioni waliokuwa tayari wakisubiri kulazwa.

Mlango wa kuingilia ni daktari wa familia, anayejulikana na kila mkazi kwa herufi mbili, GP. Ukiacha dharura na huduma chache kama vile meno, macho na kliniki za magonjwa ya zinaa, mtu hawezi kwenda moja kwa moja kwa daktari bingwa. Ni lazima GP aandike rufaa, kama vile zahanati ya kijijini Tanzania inavyompeleka mgonjwa wilayani, na wilaya ikampeleka mkoani au katika hospitali ya rufaa.

Rufaa hupelekwa kwa kompyuta, na mara nyingi hubeba moja ya alama tatu: ya kawaida, ya haraka, au ya kushukiwa saratani. Urefu wa safari huamuliwa hapo kwa sehemu kubwa. Anayeshukiwa kuwa na saratani, kwa utaratibu wa England, anatakiwa kuambiwa kama anayo au hana katika muda wa siku 28, na kama anayo, tiba ianze katika siku 62 tangu rufaa. Lengo la zamani la kuonwa na bingwa katika wiki mbili liliondolewa mwezi Oktoba mwaka 2023. Kwa wagonjwa wengine, katiba ya NHS inatoa haki ya kuanza tiba katika wiki 18.

Wiki hizo 18 zina historia yake. Chama cha Labour kiliingia madarakani mwaka 1997 kikiwa kimeahidi kupunguza orodha ya wanaosubiri, na mwaka 2000 serikali ya Tony Blair ikatangaza mpango wa miaka kumi wa kuijenga upya NHS. Fedha ziliongezwa, na kufikia mwisho wa mwaka 2008 lengo la wiki 18 lilikuwa limefikiwa. Tangu mwaka 2010 ni haki iliyoandikwa kisheria. Kipimo kilichowekwa ni kwamba asilimia 92 ya wanaosubiri wasivuke wiki hizo, na mara ya mwisho kipimo hicho kufikiwa ilikuwa Februari mwaka 2016, yaani miaka minne kabla ya ugonjwa wa corona ambao mara nyingi ndio unaobebeshwa lawama zote.

Corona, hata hivyo, ilifanya kazi yake. Orodha ya England ilikuwa na takriban matibabu milioni 4.6 mapema mwaka 2020. Kufikia Septemba mwaka 2023 ilikuwa imefika milioni 7.7. Hayo ni matibabu na si watu, kwa kuwa mwenye goti bovu na mtoto wa jicho huhesabiwa mara mbili. Katikati ya mwaka 2025 idadi ilikuwa imeshuka hadi karibu milioni 7.4, na takriban asilimia 61 tu ndio waliokuwa ndani ya wiki 18. Serikali iliyoingia madarakani Julai mwaka 2024 imeahidi kukirejesha kipimo cha asilimia 92 ifikapo Machi mwaka 2029.

"Nzuri, ila..."

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 44, mzaliwa wa Tanga, anayeishi Newham, mashariki ya London, na kufanya kazi ya kuwatunza wazee. Ni mfano tu, lakini wakazi wengi wazungumzao Kiswahili katika mji huo watamtambua. Ana uvimbe katika mfuko wa uzazi, ule ambao madaktari huuita faibroidi. Uvimbe huu huwapata zaidi wanawake weusi, na huwaanza wakiwa na umri mdogo kuliko wenzao weupe. Hedhi yake humtoa damu nyingi kwa siku nyingi. Orodha ya magonjwa ya wanawake ni miongoni mwa zile ndefu kabisa: mwaka 2024 ilikuwa na zaidi ya nusu milioni katika England peke yake.

Kwanza amfikie GP. Kwa miaka mingi jambo hilo lilimaanisha kupiga simu saa mbili kamili asubuhi, pamoja na mtaa mzima, na kuambiwa saa mbili na robo kwamba nafasi za siku hiyo zimekwisha. Tangu tarehe 1 Oktoba mwaka 2025 vituo vya GP katika England vinatakiwa kupokea maombi kwa njia ya intaneti kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili u nusu jioni, siku za kazi. Kwa mfanyakazi wa zamu asiyeweza kushika simu asubuhi, hiyo ni nafuu kubwa, almradi awe anasoma na kuandika Kiingereza.

Kisha anaingia ndani, na ana dakika kumi hivi. Daktari anamuuliza hali. Naye, kwa malezi yake, anajibu kwamba hajambo.

Wazungumzaji wa Kiswahili wanajua kwamba salamu si uchunguzi wa maradhi. Hata aliyefiwa hujibu "nzuri" kwanza, ndipo akaongeza "ila". Habari yenyewe imo katika hiyo "ila". Kwa jirani aliyekuja kumjulia hali, ila hiyo itafika, maana kuna chai na muda. Katika dakika kumi za daktari wa London huenda isifike, au ikafika mgonjwa akiwa ameshasimama kuaga. Na ikifika, huja ikiwa imevishwa neno jingine la adabu, "kidogo": damu inasumbua kidogo, tumbo linauma kidogo. Daktari anaandika alichokisikia. Rufaa inakwenda ikiwa na alama ya kawaida.

Daktari bingwa atakayeipokea hajapata kumwona mama huyu. Ana barua tu. Barua inayosema "anatokwa na damu nyingi" na barua inayosema "hubadilisha pedi kila saa, amezimia kazini mara mbili, amekosa kazi siku tisa katika miezi mitatu" zinaweza kumhusu mtu yule yule, lakini hazipangwi mahali pamoja. Kutaja hesabu hizo si kulalamika wala kutia chumvi. Ndizo anazozihitaji mwandishi wa barua, na mgonjwa anayeziandika katika karatasi kabla ya kwenda kuonana na daktari anakuwa ameshafanya nusu ya kazi.

Kuna kikwazo kingine. Mama huyu amekuja na mkalimani, naye ni mwanawe wa kiume wa miaka 15, aliyezaliwa London na anayezungumza Kiingereza kama maji. Je, mama wa Kitanga atamweleza mwanawe habari za hedhi? Hatamweleza. Atasema tumbo. Na mtoto, kwa heshima, atatafsiri tumbo.

Mwongozo wa NHS ni kwamba mkalimani mtaalamu apatikane bila malipo, na kwamba watoto wasitumiwe kwa kazi hiyo. Ila hapewi asiyeomba. Ombi linatakiwa kutolewa wakati wa kupanga miadi, si siku ya miadi, na mgonjwa anaweza kueleza kwamba angependelea mkalimani mwanamke. Ni vyema pia lugha itajwe kwa jina. Mgonjwa wa Bukavu na mkalimani wa Unguja wataelewana, ingawa huenda wakahitaji dakika moja ya kuzoeana. Lakini Mbarawa anayezungumza Chimwini anaweza kujikuta ameletewa mkalimani wa Kisomali, kwa sababu tu ya jina la nchi alikozaliwa.

Saa inayohesabu

Hospitali ikishapokea rufaa, saa ya wiki 18 huanza kuhesabu. Husimama tiba inapoanza, au pale inapoamuliwa kwamba tiba haihitajiki. Pia kuna namna nyingine ya kusimama, na ndiyo inayowaumiza wengi: mgonjwa asipotokea katika miadi yake ya kwanza bila kutoa taarifa, hospitali inaweza kumrudisha kwa GP. Saa ile inafutwa. Rufaa mpya ikiandikwa, hesabu inaanza sifuri.

Katika mwaka wa 2022/23 takriban miadi milioni 8 ya hospitali za England ilipita bila mgonjwa kutokea. Ni rahisi kudhani kwamba hao ni watu wazembe. Wengine ni kweli. Lakini kwa wahamiaji zipo sababu ambazo hazionekani katika takwimu. Mtu anayepanga chumba huhama mara mbili kwa mwaka, humpa GP anwani mpya na kusahau kuipa hospitali, na barua inabaki chini ya mlango wa nyumba ya zamani ikikanyagwa na wapangaji wapya. Mwingine anapigiwa simu na namba iliyofichwa, haipokei akidhani ni mdai, kumbe ni hospitali.

Halafu kuna saa yenyewe ya ukutani. Ujumbe wa simu unasema miadi ni 9:30. Aliyewasili karibuni, na ambaye kichwani mwake bado anahesabu saa kuanzia machweo na macheo, anaweza kuisoma saa tisa u nusu na kufika alasiri. Ni saa tatu u nusu asubuhi. Kliniki imeshafungwa.

Na kuna misiba. Mzee akifariki Pemba, mtu hapangi. Hununua tiketi usiku huo huo. Anayekumbuka kupiga simu hospitalini kabla ya kupanda ndege huwa ameokoa miezi kadhaa, kwa kuwa kuahirisha miadi mapema peke yake hakufuti saa ya wiki 18. Kutokuonekana kimya kimya ndiko kunakoifuta.

Kupiga simu bila kugombana

Wengi huona haya kuuliza. Wanahofia kuonekana wakorofi, au kwamba karani aliyeudhika ataisukuma karatasi yao chini. Kwa kweli orodha hizo zimo katika kompyuta na mpangilio wake hufuata uzito wa ugonjwa na muda wa kusubiri, si ghadhabu za karani. Ila mfumo hauwezi kujua kwamba hali ya mgonjwa imebadilika mpaka mtu auambie.

Mama yule wa Newham, ikiwa baada ya miezi minne damu imezidi na sasa hawezi kupanda ngazi bila kutweta, hali yake si ile iliyoandikwa katika rufaa. Anayo haki ya kurudi kwa GP na kuomba barua ya pili, ya kueleza mabadiliko hayo na kuomba miadi iharakishwe. Madaktari huandika barua hizo kila siku.

Mwingine wa kupigiwa simu ni katibu wa daktari bingwa. Jina la daktari huwa katika barua, na karani wa mapokezi wa hospitali anaweza kuunganisha simu. Maswali yafaayo ni mawili: je, jina langu limo katika orodha, na je, naweza kuwekwa miongoni mwa wanaoweza kuitwa kwa taarifa fupi? Wagonjwa huahirisha siku za mwisho, na nafasi huhitaji mtu wa kuijaza. Anayekubali kuitwa kwa taarifa ya siku mbili lazima awe ameshazungumza na mwajiri wake, na awe na mtu wa kumrudisha nyumbani baada ya nusukaputi. Kwa mfanyakazi asiyekuwa na saa maalumu za kazi, sharti hilo la kwanza si dogo.

London pia ina faida ambayo vijiji vya England havina. Mgonjwa wa mashariki anaweza kupelekwa Whitechapel, Homerton, au hata ng'ambo ya mto Thames, na urefu wa foleni hutofautiana kati ya hospitali moja na nyingine kwa ugonjwa ule ule. Mgonjwa ana haki ya kuchagua hospitali wakati GP anapoandika rufaa. Februari mwaka 2022 NHS ilifungua ukurasa wa intaneti ulioitwa My Planned Care wa kuonyesha wastani wa muda wa kusubiri katika hospitali. Na aliyevuka wiki 18 bila kutibiwa anaweza kuomba kuhamishiwa kwingine. Kuna bei yake: treni mbili, na kurudi na mshono tumboni katikati ya umati wa jioni.

Mambo yakikwama kabisa, hospitali huwa na ofisi ya PALS, iliyoanzishwa mwaka 2002 kwa ajili ya kuwasaidia wagonjwa. Ofisi hiyo haitibu na haipangi upasuaji, lakini huweza kuuliza maswali ndani ya hospitali ambayo mgonjwa akiwa nje hajui amuulize nani.

Mwili hausubiri

Kosa kubwa kuliko yote labda ni kudhani kwamba mtu akiwa katika orodha basi tiba imesimama mpaka aitwe. Anayetokwa na damu nyingi huishiwa damu mwilini. Vidonge vya madini ya chuma na dawa za kupunguza hedhi ni kazi ya GP, na hazingojei bingwa. Mwenye goti au mgongo, katika maeneo mengi, anaweza kujipeleka mwenyewe kwa wataalamu wa mazoezi ya viungo bila rufaa.

Shinikizo la damu lastahili kutajwa peke yake, kwa sababu limeenea sana miongoni mwa watu wenye asili ya Afrika. Mwongozo uliotolewa mwaka 2016 na vyama vya Uingereza vya madaktari wa nusukaputi na wa shinikizo la damu unataka rufaa ya upasuaji ionyeshe kipimo kilicho chini ya 160 kwa 100 katika miezi 12 iliyopita. Kwa hiyo mtu anaweza kusubiri mwaka mzima, akaitwa, kisha safari yake ikacheleweshwa tena kwa presha ambayo ingeweza kutibiwa katika mwaka ule ule. Hakuna uchungu unaozidi huo, na ni katika machache yaliyo mikononi mwa mgonjwa mwenyewe.

Zipo dalili zisizofaa kusubiri barua ya mtu yeyote. Maumivu ya kifua, kuzimia, damu isiyokatika, udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili: hizo ni za namba 999 au idara ya dharura. Kwa mashaka yaliyo chini ya hapo kuna namba 111, inayojibiwa usiku na mchana, na ambayo pia huweza kumpatia mpigaji mkalimani.

Baadhi ya wakazi huchoka na kukata tiketi. Hutibiwa Nairobi, India au Uturuki, kwa fedha za akiba au mchango wa ndugu. Wengine hupona na kuisahau foleni. Lakini anayerudi London na tatizo lililotokana na upasuaji huo hujikuta tena kwa GP, mara nyingi bila karatasi hata moja ya kueleza alichofanyiwa.

Hofu ya karatasi

Lipo kundi ambalo haliko hata katika foleni. Ni wale wasio na kibali cha kuishi, au wanaongoja uamuzi, wanaohofia kwamba kujiandikisha kwa GP ni kujiandikisha polisi. Katika England mtu yeyote anaweza kujiandikisha na kuonwa na GP bila malipo, na hatakiwi kuonyesha pasipoti wala uthibitisho wa anwani, ingawa baadhi ya makarani bado huviulizia.

Hospitali ni jambo jingine. Wakimbizi na waombaji hifadhi hawatozwi. Walioingia kwa viza ya muda mrefu kwa kawaida wamekwisha kulipia ada ya afya, ambayo tangu Februari mwaka 2024 ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima, nao hutibiwa kama wakazi wengine. Asiyekuwa katika makundi hayo hutozwa, na tangu Oktoba mwaka 2017 hutakiwa kulipa kabla ya tiba isiyo ya haraka. Deni la pauni 500 au zaidi linaweza kumharibia maombi ya viza baadaye. Hata hivyo tiba ya haraka haizuiwi kwa kukosa fedha, uzazi ukiwemo, na huduma za idara ya dharura, kifua kikuu na virusi vya Ukimwi hazilipiwi na mtu yeyote.

Siku yenyewe

Barua ya upasuaji inapofika, hueleza saa ya mwisho ya kula na kunywa, dawa za kuacha na za kuendelea nazo. Anayefunga Ramadhani, au anayetumia dawa za kisukari, afadhali aulize mapema kuliko kukisia.

Huenda pia, akiwa ameshavaa gauni la hospitali, mgonjwa akaambiwa kwamba vitanda vimejaa na upasuaji umefutwa. Hutokea. Hospitali ikiufuta siku hiyo hiyo kwa sababu isiyohusu hali yake, inatakiwa kumpa tarehe nyingine katika muda wa siku 28. Kabla ya kuvua gauni na kwenda kuwapigia simu waliobaki Tanga wakisubiri habari, amwombe muuguzi tarehe hiyo, na ikiwa haijapangwa, jina na namba ya simu ya mtu atakayeipanga.